Ewart Grogan: Mlowezi aliyeleta trauti katika maji baridi ya Mto Gura

MTO Gura huanzia juu kabisa katika milima ya Nyandarua, ambayo Waingereza waliibandika jina la Aberdare. Huko ukungu hukawia kuondoka hata jua likiwa limekwisha kupanda, na nyasi huota kwa mafungu mafungu juu ya udongo uliolowa mwaka mzima. Katika nyanda hizo, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, Gura ni kijito tu ambacho mtu mwenye miguu mirefu anaweza kukiruka. Maji yake yana rangi ya chai ya mkandaa, nayo ni baridi kiasi kwamba mkono ukitumbukizwa humo kwa dakika chache huanza kufa ganzi. Kisha kijito hufika ukingoni mwa korongo na kuporomoka mamia ya mita, kikitazamana na maporomoko ya Karuru ambayo nayo huanguka takriban mita 273 kutoka upande wa pili wa bonde lilo hilo. Kutoka hapo mto hukimbia kwa kasi kupitia msituni, ukaingia katika mashamba ya chai na kahawa ya Nyeri, na hatimaye maji yake humezwa na Mto Tana.

Katika maji hayo ya juu mna samaki ambaye asili yake si Afrika Mashariki. Mgongo wake ni wa rangi ya kahawia, ubavu wake una madoadoa meusi na aghalabu mekundu, na hujificha kando ya mawe akiuelekeza mdomo wake kule maji yatokako ili wadudu wanaochukuliwa na mkondo wamfikie mwenyewe. Huyo ndiye trauti wa kahawia. Hakuna amlishaye wala amfugaye. Huzaliwa mtoni, huzaa mtoni na hufia mtoni, kama kwamba amekuwapo tangu milima ilipoumbwa. Ukweli ni kwamba wahenga wake waliingizwa katika Gura wakiwa mayai mnamo mwaka wa 1905, kutoka ziwa Loch Leven huko Uskoti, na aliyewaagiza ni mlowezi kwa jina Ewart Scott Grogan.

Wakazi wa Nairobi hulitamka jina hilo kila siku pasipo kumfikiria mtu. Kwao Grogan ni mahali: ni zile gereji na vibanda vya vipuri kandokando ya Mto Nairobi, anakoelekea dereva aliyevunjikiwa taa au kuibiwa kioo cha pembeni. Barabara ipitayo hapo huitwa Kirinyaga siku hizi, ilhali zama za ukoloni iliitwa barabara ya Grogan, kwa kuwa sehemu hiyo yenye kinamasi ilikuwa mali yake. Serikali huru iliibadilisha barabara jina. Mafundi hawakubadilisha.

Grogan alizaliwa London mwezi Desemba mwaka wa 1874, katika familia kubwa mno ambayo baba yake, wakala wa ardhi na majumba, alikuwa na watoto 21 kutokana na ndoa mbili. Alisomeshwa katika shule ya Winchester na baadaye katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na pote pawili aliondoka kwa mabaya kutokana na utundu uliopita kiasi. Mwaka wa 1896 alikuwa Afrika Kusini, akajiunga na vikosi vya walowezi waliopigana na Wandebele katika nchi inayoitwa Zimbabwe leo. Huko aliugua, akaponea chupuchupu, akashauriwa aende mbali akapumzike.

Mbali kwenyewe kukawa New Zealand, nyumbani kwa rafiki yake wa Cambridge. Alipofika alimpenda dada ya rafiki huyo, Gertrude Watt, binti wa ukoo wa James Watt, yule mhandisi aliyeiboresha injini ya mvuke. Baba wa kambo wa msichana hakumwona kijana huyu asiye na shahada wala kazi kuwa mtu wa kuaminiwa na mke. Grogan akaahidi kufanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: kuvuka bara la Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, kutoka Cape hadi Cairo.

Kuna jambo moja la New Zealand ambalo waandishi wa maisha yake hulipita haraka. Mito ya visiwa hivyo ilikuwa imejaa trauti wakati huo, nao hawakuwa wenyeji. Mwaka wa 1864, baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindikana, mayai ya trauti kutoka Uingereza yalifika Tasmania yakiwa hai, yamefungwa ndani ya ukoga na kuzungukwa na barafu katika meli ya matanga. Miaka mitatu baadaye kizazi cha samaki hao kikavushwa hadi New Zealand. Popote Mwingereza alipofanya makao palipokuwa na kijito cha baridi, alitaka samaki wa kwao awemo. Ilikuwa namna ya kulitia saini eneo, jinsi wengine wanavyopanda mti au kusimamisha bendera.

Safari ya Afrika ilianza Beira mwaka wa 1898, Grogan akiwa na umri wa miaka 23. Kwa sehemu kubwa alifuatana na Arthur Sharp, jamaa wa upande wa Gertrude, na wapagazi wa Kiafrika ambao idadi yao ilipanda na kushuka kulingana na njaa, homa na woga. Walipita ziwa Tanganyika, wakapita Kivu na volkeno za mpakani mwa Rwanda na Kongo, wakaingia Uganda. Sharp alirudi nyumbani kabla ya mwisho. Grogan akaendelea, akapenya vinamasi vya Sudan alikokaribia kufa, na mapema mwaka wa 1900 akawasili Cairo. Mwaka huohuo alichapisha kitabu cha safari na akamwoa Gertrude. Alipokelewa Uingereza kama shujaa. Majina ya wapagazi waliombebea mizigo, hema na mara nyingine mwili wake uliozidiwa na homa hayakupewa nafasi hiyo.

Alikuja Afrika Mashariki mwaka wa 1904. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwa Victoria miaka mitatu tu kabla yake, na serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwatafuta walowezi kwa udi na uvumba ili ardhi na reli hiyo zilete faida. Grogan hakuwa mtu wa kuanza na shamba dogo. Yeye na mshirika wake walipata ahadi ya kukata miti katika msitu wa Lembus karibu na Eldama Ravine, akanunua ardhi pwani ya Mbaraki huko Mombasa kwa nia ya kujenga bandari, na akatwaa viwanja Nairobi ambayo wakati huo ilikuwa mji wa mabati na matope. Alijijengea nyumba kubwa aliyoiita Chiromo, kwa kukumbuka mahali alipopita kwenye Mto Shire huko Malawi. Wanafunzi wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wanalijua vyema jina hilo, kwani bewa lao liko hapo.

Katikati ya mipango hiyo ya mamilioni ndipo likaja suala la samaki.

Kwa nini samaki? Nyanda za juu zilitangazwa kwa Waingereza kuwa nchi inayofanana na kwao: baridi, majani mabichi, hewa safi. Mtu wa tabaka la juu aliyeshawishiwa kuhamia huku alitaka kujua kama kuna farasi, kama kuna mbwa wa kuwindia, na kama kuna mto wa kuvulia trauti. Uvuvi huo kwao haukuwa wa kutafuta kitoweo. Ni mchezo wenye adabu zake: mvuvi hutumia ufito mwepesi na uzi mrefu, na mwishoni mwa uzi hufunga ndoana ndogo iliyovikwa manyoya ya ndege ili ifanane na mdudu aliyeangukia maji. Hutupa, hungoja, hutupa tena, na anaweza kushinda mtoni kutwa nzima akarudi mikono mitupu bila ya kuona haya. Vijito vya Nyandarua vilikuwa na kila kilichohitajika ila samaki mwenyewe. Kule juu ya maporomoko makubwa, samaki wa mito ya chini hawakuweza kupanda.

Kuwaleta hakukuwa kazi nyepesi. Trauti hawezi kustahimili maji ya uvuguvugu. Joto likikaa juu ya nyuzi 20 kwa muda huanza kudhoofika, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Mayai yake ni tete zaidi. Hata hivyo yana sifa moja iliyowafaa wasafirishaji. Katika maji ya nyuzi 10 huanguliwa baada ya wiki sita hivi, lakini yakihifadhiwa karibu na kiwango cha kuganda huchukua miezi kadhaa. Kwa hivyo ukiwa na barafu ya kutosha unaweza kuyachelewesha njiani. Meli za kutoka Uingereza kuja Mombasa zilipitia Mfereji wa Suez na kushuka Bahari ya Shamu, mojawapo ya sehemu zenye joto kali zaidi duniani, kisha garimoshi likavuka Taru. Reli ya kwenda Nyeri haikuwapo. Haikufika sehemu hizo ila baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka wa 1905 mzigo wa kwenda Nyandarua ulipanda mlima juu ya vichwa vya watu.

Ni vyema kutulia kidogo juu ya jambo hili. Wanajeshi wa Uingereza waliingia Tetu kwa mabavu mwezi Desemba mwaka wa 1902 na ndipo kituo cha Nyeri kikaanzishwa. Miaka isiyozidi mitatu ilikuwa imepita, na makovu ya vita hivyo yalikuwa mabichi, wakati maboksi ya mayai ya samaki yalipopandishwa milimani. Mila ya Agikuyu haikuwa na desturi ya kula samaki. Kwa mtu aliyekulia Tetu, Gura ulikuwa mto wa kunyweshea mifugo, wa kuchota maji na wa kuapia. Ghafla ulikuwa na kiumbe ndani yake ambacho mgeni alikithamini kuliko aliokuwa akiishi nao ukingoni, na ambacho baadaye kiliwekewa sheria, leseni na askari.

Mayai yaliyofika yakiwa hai yaliwekwa katika Gura, na hapo mlima ukafanya kazi yake. Nyandarua iko karibu sana na Ikweta, lakini urefu wake unaipa baridi ambayo latitudo imeinyima. Vijito vyake vina changarawe safi ambamo samaki jike huchimba shimo kwa mkia, hutaga, na kufunika mayai kwa kokoto ndogo ili maji yenye hewa yapite katikati. Kulikuwa na wadudu wa kutosha na kaa wadogo wa maji baridi. Hakukuwa na mshindani. Trauti wa kahawia wakashika mizizi. Mwaka wa 1910 waliletwa jamaa zao, trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni upande wa Pasifiki wa Amerika Kaskazini, na hao waliletwa kutoka Afrika Kusini. Kadiri miaka ilivyosonga aina hizo mbili zilisambazwa katika mito ya Mlima Kenya, Mau, Elgon na Cherang'ani.

Sifa ya Grogan haiwezi kuandikwa kwa samaki pekee. Mwezi Machi mwaka wa 1907, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwaleta vijana watatu wa Kikuyu waliokuwa wakivuta riksho mbele ya mahakama ya Nairobi, akawacharaza viboko hadharani huku umati wa Wazungu ukishangilia. Kosa lao, kwa madai yake, lilikuwa kuwakosea heshima wanawake wawili wa Kizungu waliokuwa abiria, mmoja wao akiwa dada yake. Hawakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Ofisa wa mahakama aliyejaribu kuzuia alipuuzwa. Grogan alichagua mahali pale makusudi, mlangoni pa mahakama, ili serikali ione kwamba walowezi hawakuihitaji sheria yake. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, akakitumikia katika nyumba, si katika jela walimofungwa Waafrika. Alipotoka alikuwa na wafuasi wengi kuliko awali.

Mtu huyo na yule wa mayai ya trauti ni mmoja. Aliyeamini kwamba anaweza kuujaza mto viumbe vya kwao bila ya kumuuliza mtu ndiye aliyeamini kwamba anaweza kuadhibu bila ya kumuuliza hakimu. Wanaompamba kama mpenda mazingira wa zamani, na wapo, hulazimika kuuruka mwaka wa 1907.

Vita vya Kwanza vilipozuka, Grogan alitumikia idara ya ujasusi na kuwa kiungo kati ya Waingereza na Wabelgiji wa Kongo, nchi aliyoifahamu kwa miguu. Baada ya vita alirejea katika biashara. Ardhi ya Mbaraki aliiuzia serikali kwa faida kubwa. Mwaka wa 1928 alifungua hoteli ya Torr's katikati ya Nairobi, jengo la matofali lililokuwa fahari ya mji kwa walioruhusiwa kuingia. Kisha macho yake yakageukia Taveta, ambako alilima mkonge, akachimba mifereji ya kuongoza maji ya chemchemi hadi mashambani, na kujenga juu ya kilima nyumba ya ajabu ambayo wenyeji wa huko huiita kasri. Katika Baraza la Kutunga Sheria aliketi kwa vipindi mbalimbali hadi miaka ya 1950, akiwa na ulimi mkali ambao magavana kadhaa waliuogopa.

Gertrude alifariki mwaka wa 1943. Mumewe alitoa ardhi Muthaiga kwa ajili ya hospitali ya watoto iliyopewa jina la marehemu na kuanzishwa mwaka wa 1947. Gertrude's ingali ikitibu watoto, na kwa familia nyingi za Nairobi hilo ndilo jina la ukoo wa Grogan lenye maana njema.

Mwaka uliofuata, 1948, serikali ilianzisha kituo cha kuangulia trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Kutoka hapo vifaranga vya trauti viliongezwa mitoni kila wavuvi walipolalamika kuwa samaki wamepungua. Mwaka wa 1950 sehemu za juu za Nyandarua zikatangazwa hifadhi ya taifa. Wenye fito wakawa na mto wao, ilhali vijiji vya chini vilisongamana katika ardhi iliyobaki.

Haukupita muda. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba mwaka wa 1952, na mapema mwaka uliofuata msitu wa Nyandarua ukafanywa eneo lililopigwa marufuku. Kwenye mabonde ambayo mabwana walikuwa wakitupia ndoana zao kulijaa wapiganaji wa Mau Mau, wakiwindwa na majeshi na kudondoshewa mabomu kutoka angani. Dedan Kimathi alikamatwa kwenye ukingo wa msitu huo tarehe 21 Oktoba, 1956. Kwa miaka hiyo trauti wa Gura walikaa bila ya kusumbuliwa na mvuvi wa leseni.

Kenya ilipopata uhuru Grogan alikuwa anakaribia umri wa miaka 90. Wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kufa au kuondoka. Naye mwishowe aliondoka, akafariki Cape Town mwezi Agosti mwaka wa 1967 akiwa na umri wa miaka 92, katika mji ambao jina lake lilikuwa upande mmoja wa ile ahadi ya ujana wake.

Katika miradi yake mikubwa hakuna uliosimama kama alivyoukusudia. Torr's haiko tena kama hoteli. Bandari haikuwa yake. Lembus ulirudi mikononi mwa serikali. Kilichoendelea bila ya mwangalizi ni yale mayai, nayo yameendelea kwa gharama. Samaki mla nyama akiingizwa katika kijito ambacho hakikuwa na samaki, wadudu na kaa wa hapo hupungua, na hakuna aliyehesabu walikuwa wangapi kabla ya mwaka wa 1905. Upande wa pili, jamii ambayo haikula samaki imejifunza kumla na kumuuza. Wakulima wa sehemu za Nyeri na kandokando ya Mlima Kenya hufuga trauti wa upinde wa mvua katika mabwawa yanayolishwa na mito ya milimani na kuwauzia mahoteli, ambako sahani moja huuzwa kwa bei ya kumshtua mlaji wa ugali na omena.

Trauti wa kahawia wa porini hafugiki kwa urahisi hivyo. Anategemea maji yabaki baridi na safi, na maji hubaki baridi msitu ukiwapo. Miti ilipokatwa kiholela na mashamba ya bangi na mashimo ya kuchomea makaa kuenea Nyandarua katika miaka ya 1990, udongo ulianza kushuka mitoni na kuziba changarawe ambamo mayai hupumulia. Ua wa umeme uliozunguka milima hiyo, wenye urefu wa takriban kilomita 400, ulikamilika mwaka wa 2009 baada ya miaka 20 ya ujenzi. Lengo lilikuwa kuwazuia ndovu wasivamie mashamba na watu wasiuvamie msitu, pamoja na kulinda chemchemi ambazo Nairobi hunywa maji yake. Trauti hawakutajwa sana katika michango hiyo ya hadhara, lakini wamo miongoni mwa walionufaika.

Siku hizi mvuvi anayetaka kujaribu bahati yake katika vijito vya Gura, Chania au Magura hulipia kibali chake na kupanda hadi kwenye ukungu, akisindikizwa na askari wa wanyamapori kwa sababu ya nyati. Wengi wa samaki atakaowapata ni wadogo, warefu kidogo kuliko kiganja. Hushtuka upesi kivuli cha mtu kikiwaangukia, kwa hivyo inambidi apige magoti kwenye nyasi zilizolowa na kutupa uzi akiwa chini.